Vijia vya Taita visivyopitwa na wengi: twende mwezi wa kumi au tungoje mvua ipite?

Mwana wa Shela, Malindi

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Sisi ni watu watano, wanaume watatu na wanawake wawili, sote wakaazi wa Malindi, na kwa mwaka mzima sasa tumekuwa na desturi ya kutembea kwa miguu Jumamosi moja katika kila mwezi. Tumekwisha kutembea ufuoni kutoka mnara wa Vasco da Gama kuelekea kusini hadi Mayungu, tumezunguka magofu ya Gede na njia za msituni zilizo jirani yake, na tumeteremka korongo la Marafa mara mbili, alfajiri, kabla jua halijaufanya ule udongo mwekundu kuwa tanuri. Sasa wenzangu wanataka mlima. Hatutaki Mlima Kenya, ambao unahitaji siku kadhaa na fedha ambazo hatuna, wala hatutaki vilima vya karibu na Nairobi, ambako nimeambiwa kwamba Jumamosi watu hupanga foleni kama waliokwenda kulipia umeme. Tumeafikiana juu ya Taita, tulale huko usiku wa Ijumaa, tutembee Jumamosi kutwa, turejee Jumapili.

Mambo yanayonitatiza ni mawili. La kwanza ni majira. Katika maandishi ya wageni nimesoma sifa nyingi za kutembea milimani wakati ambao vitabu vyetu vya shule huutafsiri kuwa «vuli»: hewa imepoa, anga iko safi, majani yamegeuka rangi na watalii wa kiangazi wamekwisha kurudi kwao. Lakini vuli yetu sisi ni mvua. Mmoja wetu anasema twende mwanzo wa Oktoba, mwingine anashikilia kwamba tungoje Januari, na kila mmoja ana shangazi yake anayemtolea ushahidi. La pili ni njia zenyewe: ni vijia vipi ambavyo mtu anaweza kuvipita na kuvimaliza kwa siku moja, visivyojaa watu, na je, watu wasioijua nchi ile wanaweza kuvipita peke yao wakiwa na ramani ya simu?

Nahodha Mstaafu

Wa aleikum salaam, mwanangu. Mimi si mpanda milima, na magoti yangu yamekwisha kula kiapo kwamba sitakuwa, lakini bintiye ndugu yangu ameolewa Mwatate, na kwa sababu hiyo nimeifikia milima ile katika miezi mbalimbali kuliko watembezi wengi, ambao huenda mara moja, wakakuta mawingu au wasiyakute, na wakarudi wakitoa fatwa.

Swali lako la majira usiliulize kwa kalenda, uliulize kwa pepo, na wewe ni mtoto wa Malindi, unazijua. Kusi, ule upepo wa kutoka kusini, linapovuma kwa nguvu, tangu mwezi wa tano hadi wa nane, sisi hapa huona mashua zimevutwa pwani na bahari imechafuka, na tukidhani habari yake imeishia hapo. Haikuishia. Upepo ule ule unavuka nyika kavu ya Taru bila kudondosha kitu, kwa kuwa hakuna kitu cha kuupandisha, kisha unakutana na milima ya Taita iliyosimama ghafla juu ya tambarare. Unalazimika kupanda, unapopanda unapoa, na unyevu wote ulioubeba kutoka baharini unageuka ukungu. Ndiyo maana mtu anaweza kuondoka Voi katika mwezi wa saba, jua likimchoma kisogo, akafika juu asiione ncha ya fimbo yake. Miteremko inayoelekea kusini na mashariki ndiyo inayopigwa zaidi, na ndiyo yenye misitu minene. Ile ya upande wa pili iko katika kivuli cha mvua na huwa mikavu.

Mwisho wa demani kusi hulegea, tukaingia katika maleleji, zile siku za tanga mbili ambapo upepo haujaamua utoke wapi. Hapo ndipo penye mlango wako: kuanzia wiki ya mwisho ya Septemba hadi katikati ya Oktoba ukungu hupungua na mvua za vuli huwa hazijashika sawasawa, kwani kwa kawaida kilele chake ni Novemba. Mlango huo ni mwembamba, na kuna miaka haufunguki kabisa. Maji ya bahari upande wetu wa Bahari ya Hindi yakiwa na joto kupita kawaida, vuli huja kwa kishindo, kama ilivyokuwa 1997, 2019 na 2023. Basi mwaka ambao mtasikia tangu Septemba kwamba watabiri wa hali ya hewa wanatahadharisha juu ya vuli nzito, msishindane nao.

Yule mwenzenu wa Januari naye hakukosea. Mwezi huo kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, imekwisha shika na ardhi imekauka juujuu, isipokuwa joto la bondeni ni kali zaidi.

Mwalimu wa Barani

Shikamoo, Nahodha. Maelezo ya upepo sina la kuyaongeza, ila nitaongeza habari za ardhi, kwa kuwa nilifundisha huko Dawida kwa miaka tisa kabla ya kurudi Malindi, na Jumamosi nyingi sikuwa na kazi nyingine isipokuwa kutembea.

Ndugu Mwana wa Shela, kwanza ondoeni fikra kwamba Taita ni mlima mmoja. Dawida ndiyo kundi kubwa, lenye mji wa Wundanyi katikati yake. Mbololo umesimama kando, upande wa mashariki, ukitengwa na bonde. Sagalla uko kusini ya Voi. Na Kasigau uko mbali kabisa, peke yake katikati ya nyika, kama jahazi lililoachwa na maji kupwa. Kilele cha juu kabisa ni Vuria, chenye mita 2,208, na mgeni yeyote atakayeuliza Wundanyi ataelekezwa huko. Mimi sikushaurini muanzie hapo kwa njia ya kawaida. Gari linafika karibu na minara ya mawasiliano iliyo kileleni, kwa hiyo mtapanda kwa saa kadhaa mkitoa jasho, kisha mtakuta watu wamefika na viatu vya ngozi, wanapiga picha.

Mahali ninapopapenda ni Ngangao. Ni msitu mdogo mno, kama hekta 120 tu, uliokaa juu ya mgongo wa mlima na kuzungukwa na mashamba pande zote. Mtu hutoka katika mahindi na kabichi, anavuka mstari ambao angeweza kuuruka, na mara hiyo hiyo sauti inabadilika. Miti mirefu imevaa kuvu na mimea midogo hadi matawini, ardhi ni laini kwa majani yaliyooza, na hata hatua zenu wenyewe hamtazisikia. Ndani yake anaishi ndege ambaye hapatikani popote duniani ila katika vipande hivi vya msitu wa Taita: mweusi kichwani na kifuani, ubavu wenye rangi ya kutu, mdomo wa rangi ya chungwa lililoiva. Hukaa chini, akifukua majani kama kuku. Wataalamu humwita Turdus helleri na wamemweka katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Mkinyamaza kwa robo saa, mmekaa, mnaweza kumwona. Mkipiga soga kama watu wa baraza, hamtamwona hata mkishinda.

Mbololo ni mkubwa zaidi, karibu hekta 200, na wageni wanaofika ni wachache kwa sababu ya umbali na ubovu wa barabara. Huko, penye miamba yenye kivuli na unyevu, huota ua dogo la zambarau, la ukoo mmoja na yale maua ya vyunguni yanayouzwa Ulaya kwa jina la urujuani wa Afrika, na aina hiyo ya Mbololo haioti mahali pengine. Litazameni, msiling'oe. Kama mnataka njia isiyo na watu, Mbololo ndiyo jibu, lakini ifanyeni kuwa safari ya pili.

Sasa nije kwenye neno «visivyopitwa na wengi». Vijia vya Taita havikukatwa kwa ajili ya watembezi. Vilikatwa na wanaokwenda sokoni, kisimani, shuleni, kanisani na shambani, na wengine wanavipita kila siku wakiwa na mzigo kichwani ambao mimi na wewe tungeuita wa punda. Watembezi ndio wachache, wenyeji wapo. Maana yake ni kwamba kijia kinaishi kwa matumizi yake. Shule ikihamishwa au kisima kikikauka, kijia kinafungwa na magugu katika misimu miwili, au mwenye shamba anakilima, na ramani ya simu haitapata habari hizo kwa miaka mingi.

Nasema haya kwa kuwa yamenipata. Mwaka wangu wa pili huko, mwishoni mwa Oktoba, nilitoka na mwalimu mwenzangu tukifuata mstari ulioonekana wazi kabisa katika simu yake, uliotoka nyuma ya kanisa fulani na kwenda hadi mgongoni mwa mlima. Tulitembea saa nzima vizuri. Kisha ukungu ukashuka, na mstari ukatuongoza hadi katikati ya shamba la maharage. Si pembeni, katikati. Nyuma yetu nyayo zetu zilikuwa zimebomoa matuta manne. Mzee mmoja akatokea ndani ya ukungu, jembe begani, akatutazama kwa muda, akauliza kwa upole mkubwa: «Mmepotea, au mmekuja kupima ardhi?» Huko, kama kwetu, mgeni anayezunguka shambani kwa mtu akitazama kifaa mkononi huleta hofu ya haki kabisa. Tuliomba radhi, tukasaidia kurudishia matuta, naye akatutoa mpaka kwenye njia, ambayo ilikuwa hatua mia moja tu kutoka pale, nyuma ya ua wa miti.

Tangu siku hiyo nilijifunza kusoma njia panda kabla ya kusoma simu. Njia ya watu ina alama za kandambili zinazokwenda na kurudi, maganda ya miwa, na penye jiwe kubwa utakuta limelainika kwa kukaliwa. Njia ya ng'ombe ni pana na inavutia, ila itakufikisha penye majani, kisha itagawanyika vipande kumi na kufa. Anayedanganya kuliko wote ni mfereji wa maji ya mvua: unateremka wazi, msafi, umefagiliwa, hadi mtu anashukuru kwamba amepata njia nzuri, lakini ukitazama chini utaona mchanga umejipanga kwa mistari na mizizi imeoshwa ikabaki uchi. Huo unakwenda yaliko maji, na maji hayaogopi magenge.

Kuhusu utelezi pia nitasema, kwa kuwa watu wa mchanga kama sisi hatuujui. Udongo wa Dawida ni mwekundu na wa mfinyanzi. Mvua ya nusu saa inatosha. Unapanda hatua ishirini, meno ya soli yanajaa udongo, na hatua ya ishirini na moja umevaa sahani mbili za kauri. Mtu asiyejua huendelea, akidhani kwamba viatu ni vibovu. Simama, kwangua soli kwa kijiti, endelea, kisha simama tena. Wakati wa kuteremka piga hatua fupi, ukikunja magoti kidogo, na fimbo itangulie mbele yako, maana walioumia mbele ya macho yangu karibu wote waliumia wakirudi, wamechoka na wamefurahi.

Bi Kashata

Mwalimu amesema ya njia, mimi niseme ya mkoba na ya nguo, kwa kuwa nimeona kuna wanawake wawili katika kikundi na wanaume hawatafikiria.

Fanyeni hesabu ndogo. Kwa kila mita 1,000 mtu anazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi sita. Malindi ikiwa na nyuzi 30, juu ya Vuria mtazamie 17 hivi, na hiyo ni bila upepo na bila kuloa. Mtu wa pwani aliyetoka jasho akipanda, kisha akakaa kileleni akiwa na fulana ya pamba iliyolowa mgongoni, atatetemeka katika dakika kumi na atadhani ameshikwa na homa. Chukueni nguo kavu ya kubadilisha iliyofungwa ndani ya mfuko wa nailoni, sweta na koti jepesi la mvua. Mimi hutembea na suruali pana na kanzu fupi inayofika magotini, mtandio uliofungwa vizuri usiotaka kushikwashikwa, na buibui hulala mkobani hadi tutakaporudi mjini. Mwanamke aliyenyanyua pindo kwa mkono mmoja amebakiwa na mkono mmoja tu wa kujishikia. Leso mbili msiache. Leso ni taulo, ni mkeka wa kuswalia, ni kitambaa cha kufungia kifundo kilichoteguka, na mtu akihitaji faragha njiani leso mbili zikishikwa na mwenzake ni chumba.

Chakula kiwe cha kwetu lakini kilichochaguliwa. Mbaazi za nazi na mchuzi wowote wa nazi viacheni nyumbani, vitachacha kabla hamjafika Mombasa. Mkate wa mofa haubomoki mkobani, tende hazina matata, viazi vitamu vya kuchemsha hushiba, na kashata za nazi ni dawa ya ile saa ya nane mchana ambapo miguu inakataa. Mahamri ni mazuri kwa siku ya kwanza tu. Maji, lita mbili kwa kila mtu kwa njia fupi, tatu kwa ndefu, na msitegemee vijito: mashamba yako juu yake. Kokwa za tende zirudi nanyi mkobani. Najua mtasema kokwa ni kitu cha mti, haina ubaya, lakini mnakwenda kula katika msitu wa hekta 120, na kila kikundi kikiacha ujazo wa gao moja wa kokwa, hesabu yake ninyi mnaijua.

Mpenda Mrihi

Kabla ya Taita, ijaribuni miguu yenu na viatu vyenu hapa hapa. Nendeni Arabuko-Sokoke, lakini msiishie katika njia za karibu na Gede mlizozizoea. Ombeni mpelekwe upande wa magharibi, hadi genge la Nyari, ambako ardhi inainuka na mchanga ni mwekundu. Msitu una kilomita za mraba 420, na kutembea humo kutwa kwenye mchanga mzito kutawafunza zaidi kuliko ufuo mzima. Jiandikisheni langoni na mtoke na mwongozaji, kwa sababu ndovu wamo na hawapigi hodi.

Na huyo aliyesifu majani mekundu ya ughaibuni, atazame mrihi, mti wa msitu huo, unapochipua. Majani yake machanga hutoka na rangi ya shaba, kisha ndiyo yanakuwa kijani. Kwao wekundu ni wa jani linalokufa, kwetu ni wa jani lililozaliwa jana.

Mwana wa Shela, Malindi

Nawashukuru sana wazee wangu na dada yetu. Nimewasomea wenzangu majibu haya jana baada ya Isha, na lile la mfereji wa maji limemfanya mmoja wetu akiri kwamba Marafa aliufuata mfereji hasa na akatudanganya kwamba ni njia ya mkato.

Yamebaki maswali matatu. Nahodha na Mwalimu, je, tuchukue mwenyeji wa kutuongoza, au tukijifunza hizo alama tunaweza kwenda wenyewe? Pili, kuna mwenzetu amevutiwa na Kasigau kwa kuwa uko peke yake. Je, unafaa kwa siku moja? Tatu ni usafiri: ramani inaonyesha barabara ya moja kwa moja kutoka Malindi hadi Voi kupitia lango la Sala, na sisi tulidhani tutaokoa saa nyingi kwa kutozunguka Mombasa.

Nahodha Mstaafu

Barabara ya Sala inapita ndani ya Hifadhi ya Tsavo Mashariki. Mtalipa ada ya hifadhi, mtahitaji gari lenu wenyewe, na humo hakuna kushuka na kutembea. Kwa watu watano wasio na gari, njia ni Mombasa. Ijumaa ondokeni alfajiri, swalini Ijumaa Voi badala ya Malindi, kisha panda matatu ya kupitia Mwatate hadi Wundanyi mfike jua likiwa bado lipo. Treni ya kutoka Miritini nayo ni nzuri, mradi mhakikishe kabla ya kukata tiketi kwamba ile mnayoipanda inasimama Voi. Nimekwisha kumpokea jamaa yangu Nairobi kwa simu, akilia.

Kuhusu mwenyeji, mimi nasema kijana mwenye akili, aliyeisoma njia na kuutazama upepo, anaweza kwenda mwenyewe. Sisi tulifika hadi Basra bila ya kushikwa mkono.

Mwalimu wa Barani

Kwa heshima zote, Nahodha, nakataa. Mlikwenda Basra na rubani kila mlipoingia bandari msiyoijua, na vijia vya Taita kwa hawa ni bandari wasiyoijua. Mwenyeji si wa kuonyesha njia tu. Akitangulia, yule mzee wa maharage humsalimia kwa lugha yao, humuuliza habari za mama yake, na ninyi wote watano mnakuwa wageni wa fulani badala ya kuwa watu wasiojulikana shambani. Isitoshe, Ngangao ni msitu wa hifadhi. Mtafika kwanza kwa walinzi wa msitu, mtaandikisha majina na mtalipa ada, na hapo hapo mtauliza mtu anayeaminiwa. Msimchukue wa kwanza atakayewapokea stendi. Afikianeni malipo kabla ya kuondoka, muyataje kwa siku nzima na si kwa saa, na chakula chake kiwemo katika mkoba wenu.

Kasigau uacheni kwa sasa, na nitaeleza kwa nini, kwa kuwa unadanganya. Kilele chake ni mita 1,641, chini ya Vuria kwa zaidi ya mita 500, na mtu akisoma tarakimu hizo huona ni rahisi. Lakini Wundanyi wenyewe tayari uko juu, kwenye mita 1,400 hivi, hivyo sehemu kubwa ya mwinuko wa Vuria matatu imekwisha kuwapandishia. Kasigau mnaanza chini kabisa, penye vijiji vya Rukanga au Bungule, kwenye nyika yenye joto, na mnapanda karibu mita 1,000 kwa mfululizo, mteremko ukiwa mkali na maji hakuna. Ukiwa umelala kijijini na ukaanza kabla ya jua kuchomoza, siku moja inatosha; ukiwa umetoka Voi asubuhi, haitoshi. Na pale chini ndovu hupita, kama wanavyopita chini ya Sagalla, ambako wakulima wamezungusha mashamba yao kwa mizinga ya nyuki iliyotundikwa kwenye waya: ndovu akiugusa waya, mizinga inatikisika, na nyuki wanatoka kuuliza kuna nini. Mkiona waya wa namna hiyo, zungukeni mbali, msiuinue mpite chini yake. Nimeona mtembezi akifanya hivyo, na hakuhitaji kuelezwa mara ya pili.

Jambo la mwisho ni saa. Oktoba jua la kule linatua kwenye saa kumi na mbili na robo, na kwetu giza haliji kwa miadi, linaanguka. Januari mngepata karibu nusu saa zaidi ya mwanga wa jioni, na hiyo ni hoja nzuri ya yule mwenzenu anayetaka kungoja. Kwa Oktoba, ingieni msituni saa moja na nusu asubuhi, na popote mtakapokuwa ifikapo saa saba mchana, geukeni. Mawingu ya mvua hujikusanya alasiri. Mkigeuka saa saba mtanyeshewa mkiwa katika mashamba, karibu na paa la mtu. Mkigeuka saa tisa mtanyeshewa juu, penye ule udongo niliowaambia. Tochi kila mtu awe na yake, na ya simu haihesabiwi.

Bi Kashata

Nyongeza ndogo. Ikiwa kuna yeyote kati yenu ambaye viatu vyake ni vipya, asivivae kwa mara ya kwanza Taita. Avivae kwenda sokoni kwa wiki mbili, achekwe, lakini asitoke malengelenge mlimani.

Mwana wa Shela, Malindi

Tumeafikiana. Tutakwenda Ngangao Jumamosi ya kwanza ya Oktoba, pamoja na mwenyeji, na Jumamosi mbili kabla ya hapo tutakwenda Nyari na mizigo ile ile tutakayoibeba Taita, ili tujue nani amejaza mkoba vitu visivyohitajika. Ikiwa mwishoni mwa Septemba habari za vuli zitakuwa mbaya, tutahamishia Januari, na yule mwenzetu ameahidi kutotukumbusha kwamba alisema.

Mwalimu, unasema mwenyeji asitafutwe stendi, basi nakuomba jambo moja: tukifika kwa walinzi wa msitu Ijumaa jioni badala ya Jumamosi asubuhi, tutawakuta, au ofisi hufungwa mapema?

Mwalimu wa Barani

Fikeni kabla ya saa kumi jioni. Na kama mtapita kwenye lile shamba la maharage, mwambieni mzee kwamba wale walimu wawili wanamsalimu.